Ulipozaliwa, Nyumbani Kulikuwa Kumechanua Nini?

Barua ya mwezi huu imetoka kwa mama anayeishi Lusail, upande wa Fox Hills. Binti yake ana miaka tisa. Alizaliwa Muheza, mkoani Tanga, mwezi wa Februari, akaletwa Qatar kabla hajatimiza miaka miwili. Shuleni wamepewa kazi: kila mtoto achore ua la mwezi aliozaliwa, kisha aeleze maana yake mbele ya darasa. Binti kaangukia vayoleti, ua dogo la zambarau, na maana yake kaambiwa ni uaminifu na unyenyekevu. Kalichora vizuri. Halafu akamgeukia mama yake: "Bibi analo hili kule kwake?"

Mama anasema alitafuta jibu akalikosa. Anaandika: "Sitaki mwanangu asimame mbele ya wenzake akidhani kwao hakuna maua. Je, sisi hatuna maua yetu ya miezi?"

Swali hili si la nyumba moja. Wenye watoto katika shule za kimataifa, iwe Doha, Muscat au London, mmeshaziona karatasi hizi, na duka la maua nalo huzitumia kuuza shada la siku ya kuzaliwa. Basi leo tulijibu kwa utulivu. Jibu fupi ni kwamba hatuna orodha ya maua kumi na mawili. Tunacho kitu kingine, na kwa maoni yangu kinamfaa mtoto zaidi, ila kimo vichwani mwa wazee wetu na hakijaandikwa popote.

Orodha yenyewe na ilikotoka

Orodha inayotumika sana Uingereza na Marekani ni hii. Januari ni karnesheni, Februari vayoleti, Machi dafodili, Aprili deizi, Mei yungiyungi la bondeni, Juni waridi. Julai ni yungiyungi la maji, ingawa wengine hutaja delfiniumu, Agosti gladiola, Septemba asta, Oktoba marigoldi, Novemba krisanthemu, na Desemba nargisi. Ukikutana na orodha nyingine yenye tofauti kidogo usishangae, kwa kuwa hakuna mamlaka yoyote iliyowahi kukaa ikaipitisha.

Desturi ya kulipa kila ua maana yake ilishika sana Ulaya katika karne ya 19. Mbegu yake moja ilitoka mashariki. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliishi Istanbul mwaka 1717 na 1718, na katika barua zake alieleza jinsi watu wa huko walivyoweza kutumiana ujumbe kwa maua na vitu vidogo bila kuandika neno. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1763, baada ya kifo chake. Mwaka 1819 kikatoka Paris kitabu cha Charlotte de Latour kuhusu lugha ya maua, kikafuatwa na vingine vingi. Msichana aliyepewa shada aliweza kukaa na kitabu chake akasoma alichoambiwa.

Mzazi wa pwani akisikia habari hiyo atacheka kidogo. Kutumia ua kusema lisilosemeka ni mambo ya kwao kabisa. Wapenzi wa taarabu wanajua kwamba waridi, asmini au kilua akitajwa katika wimbo, anayetajwa ana miguu miwili.

Kila nchi na bustani yake

Siri ya orodha ile ni kwamba inafuata bustani ya nchi za kaskazini. Dafodili ni la Machi kwa kuwa huko baridi ndiyo inaondoka na dafodili ni miongoni mwa maua ya mwanzo kutoka ardhini. Waridi ni la Juni kwa kuwa mwanzo wa kiangazi mawaridi ya bustani za Uingereza hufunguka kwa wingi. Krisanthemu ni la Novemba kwa kuwa huchanua siku zikifupika. Mtu akitazama dirishani mwake, karatasi na bustani vinasema neno moja.

Wajapani nao wana karata zao ziitwazo hanafuda. Ni karata 48, nne kwa kila mwezi, na kila mwezi una mmea wake. Kwao krisanthemu ni la Septemba, wala Machi si dafodili bali ni maua ya mcheri. Hawakukosea. Walitazama dirisha lao.

Sasa tutazame letu. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na hakuna theluji ya kuilaza mimea. Kwetu mwenye amri kubwa ni mvua. Mkahawa ni mfano mzuri. Matumba yake hukaa yamefunga wakati wa ukame, na siku chache baada ya mvua kunyesha vizuri shamba zima hugeuka jeupe na kunukia kama asmini. Baada ya siku mbili tatu maua yamenyauka. Mvua ikichelewa, nayo huchelewa. Ukimwuliza mkulima wa Kilimanjaro kahawa huchanua mwezi gani, atakujibu kwa kutaja mvua kabla ya kutaja mwezi.

Mfano wa pili ni ule mti wenye maua mekundu ambao Tanzania tunauita mkrismasi. Asili yake ni Madagaska. Dar es Salaam huwaka mwekundu kuelekea Desemba, na watoto wakiuona wanajua sikukuu imekaribia. Mti huo huo umepandwa pia katika nchi za Ghuba, na huku huchanua mnamo Mei na Juni, joto linapopanda. Mtoto aliyehama anaweza kuonyeshwa mti huu na kuambiwa: aina ni ile ile, ila kila mmoja huchanua kwa majira ya mahali ulipo mzizi wake.

Kwa hiyo binti wa Muheza akisimama darasani hana haja ya kusema kwao hakuna maua ya miezi. Anaweza kusema kwao maua hayafuati karatasi ya ukutani, yanafuata mvua. Hilo ni somo la jiografia, na mwalimu atafurahi kulisikia.

Maua ya orodha yaliyopitia kwetu

Hata hivyo tusiitupe orodha ya watu. Baadhi ya maua yake yana undugu na kwetu, na watoto hupenda kugundua undugu.

Tuanze na Februari, kwa ajili ya binti yetu. Vayoleti ya orodha ni ua la Ulaya. Lakini lipo jingine linaloitwa vayoleti ya Afrika, na huenda ndilo ua la sebuleni lililosambaa duniani kuliko maua mengine yote yaliyotoka Tanzania. Kwao ni milima ya Usambara, ikiwemo misitu ya Amani, wilayani Muheza. Huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilikusanya na kulipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, kutokana na jina la afisa huyo. Wajerumani hadi leo huliita vayoleti ya Usambara. Kwa sayansi si vayoleti halisi, wala hawatoki ukoo mmoja. Wamefananishwa kwa rangi na umbo. Na wakati limejaa kwenye vyungu duniani kote, huko msituni kwake aina zake kadhaa zimo hatarini, kwa sababu misitu imekatwa.

Basi mama wa Lusail, mjibu binti yako hivi: hili lenyewe la karatasi huenda bibi hanalo, ila mlimani kwao kuna jina-mwenzake ambalo dunia nzima imelichukua huko. Sijui watoto wangapi katika darasa lile wataweza kusema hivyo juu ya ua lao.

Waliozaliwa Januari wana karnesheni, ua lenye petali nyingi zilizojikunja kingoni kama kitambaa cha pindo. Ingieni duka lolote la maua hapa Doha, mwulizeni muuzaji jina lake kwa Kiarabu. Atasema qaranful. Sasa nendeni duka la viungo, mwonyesheni karafuu, mwulizeni na hiyo. Atasema qaranful vilevile. Neno letu "karafuu" limetoka hapo hapo, na maua hayo mawili yameshirikiana jina kwa sababu ya harufu. Na karafuu nayo ni ua, ingawa watu wengi wanaoitia kwenye pilau hawajui. Ni tumba la mkarafuu, linachumwa kabla halijafunguka kisha linaanikwa juani. Likishafunguka, thamani yake imepungua. Mtoto wa Pemba aliyezaliwa Januari anaweza kwenda shuleni na kiganja cha karafuu na wenzake wakanusa.

Juni ni waridi. Hapa kuna jambo la kuwaeleza vijana. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawaridi duniani, na mengi hukuzwa kandokando ya Ziwa Naivasha, juu kwenye Bonde la Ufa, ambako jua ni la mwaka mzima na usiku una ubaridi. Kwa mfanyakazi wa mabanda yale mwezi wa waridi si Juni. Ni wiki zinazotangulia tarehe 14 Februari, wakati oda za siku ya wapendanao zinapomiminika. Hapa Ghuba, ambako Siku ya Mama huadhimishwa tarehe 21 Machi, shada unalonunua linaweza kuwa limetoka Kenya kwa ndege. Soma karatasi iliyofungiwa, au mwulize muuzaji. Mtoto akiambiwa waridi lile limekatwa na mikono ya watu wa kwao, atalishika kwa namna nyingine.

Novemba ni krisanthemu. Wenyeji wa Mufindi, Mbeya na nyanda za juu za Kenya mnalijua pareto, ua jeupe lenye kitovu cha njano linalokaushwa na kutolewa dawa ya kuua wadudu. Ni la jamii hiyo hiyo, na zamani wataalamu walilihesabu kuwa aina ya krisanthemu. Agosti ni gladiola. Moja ya wazazi wakuu wa gladiola za madukani ni ua la mwituni la Afrika, linaloota hadi Tanzania.

Sisi tulihesabu kwa majina

Tukirudi kwenye swali la mama: je, wazee wetu hawakuuweka alama wakati wa kuzaliwa? Waliuweka sana, ila waliuweka kwenye jina. Juma na Mwanajuma, Hamisi, Jumanne, wote hao ni siku. Rajabu, Shaabani na Ramadhani ni miezi. Mwaka ni aliyezaliwa mwaka ukianza, Masika ni wa mvua kubwa. Si Waswahili peke yao. Kwa Wajaluo Okoth na Akoth ni watoto wa mvua, kwa Wakamba ni Wambua, kwa Wakalenjin Kiprop na Cherop. Mvua tena, mnaona.

Miezi ya Kiislamu haikuweza kufungwa na ua, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua. Rajabu wa mwaka fulani huangukia masika, na baada ya miaka kadhaa huangukia kaskazi. Kwa hiyo pwani maua yalifuata shughuli: arusi, maulidi, ugeni. Asmini hutungwa jioni kwa kuwa matumba yake hufunguka usiku unapoingia. Kikuba hufungwa kwa asmini, rehani, waridi na mkadi, kila bibi kwa mkono wake. Na majina ya maua wakapewa mabinti moja kwa moja bila kungoja mwezi: Asumini, Waridi, Nargisi, Rehana.

Lakini majira waliyajua. Ukimwuliza bibi tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe wa tatu, huenda akasita. Ukimwuliza kulikuwaje nje, hatasita. Atakuambia miembe ilikuwa imetoa maua, au karafuu zilikuwa zinachumwa na hakukuwa na mtu wa kumpeleka hospitali, au mijakaranda ya Nairobi ilikuwa imeizulia barabara zulia la zambarau. Kumbukumbu hii ndiyo niliyoisema mwanzo. Hakuna karatasi ya shule wala duka la maua litakalokupa. Anayo mtu mmoja au wawili, na umri wao mnaujua.

Nitasema wazi jambo linalonisumbua. Simu zetu nyingi za nyumbani zimekuwa za hujambo, sijambo, mvua imenyesha, hela imefika. Mtoto akipewa simu huamkia "shikamoo", akaitikiwa "marahaba mjukuu wangu", kisha kimya. Hana la kuuliza kwa sababu hajui bibi anajua nini. Mpeni swali hili: "Bibi, wiki niliyozaliwa mimi, nje kulikuwa kumechanua nini?" Halafu ondokeni karibu na simu, muwaache.

Waliozaliwa Qatar

Kuna watoto waliozaliwa hapa hapa, nao wasibaki bila ua. Jangwa lina majira yake. Bustani za hapa hustawi miezi ya baridi, na hata maonyesho makubwa ya kilimo cha bustani, Expo 2023 Doha, yaliyofanyika Al Bidda Park, yalipangwa kati ya tarehe 2 Oktoba 2023 na 28 Machi 2024.

Mtoto wa Februari au Machi ana ua la mtende. Mitende dume na jike ni miti mbalimbali, na katika miezi hiyo wakulima hupanda na kuchavusha majike kwa mkono ili tende zipatikane kiangazi. Mtoto aliyezaliwa joto linapoanza kuvunjika ana ua la sidra, ambao ndio mti wa nembo ya Qatar Foundation. Huo ni ndugu wa mkunazi wetu. Maua yake ni madogo, ya kijani-njano, mtu hupita asiyaone, lakini nyuki huyaona na asali yake ni ya bei. Mtoto wa Mei au Juni ana mkrismasi unaowaka bila Krismasi.

La kufanya wiki hii

Kwanza, chukueni daftari moja la nyumba. Kila mtu wa familia apate ukurasa: jina, tarehe, mahali alipozaliwa, kulikuwa na mvua au jua, na kilichokuwa kimechanua au kuiva. Aandike pia nani kasimulia. Saa za Doha ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo hakuna kisingizio cha usiku. Bibi akipendelea ujumbe wa sauti, uhifadhini, msiufute baada ya kuandika.

Pili, mwombeni aliyeko nyumbani apige picha ya ua au mti huo mwaka huu, katika wiki ile ile. Mkute au msiukute umechanua, mtakuwa na la kuzungumza.

Tatu, msipakie mimea hai wala udongo kwenye sanduku. Mimea huvuka mpaka kwa cheti cha afya ya mimea, na bila hicho itachukuliwa uwanja wa ndege. Anayetaka vayoleti ya Afrika aitafute kwenye maduka ya mimea ya hapa. Inastahimili maisha ya ghorofani: mwanga wa dirishani bila jua kali, maji ya uvuguvugu yanayotiwa kwenye sahani ya chini, na isiwekwe mbele ya upepo wa kiyoyozi. Jani moja likichomekwa kwenye udongo laini linaweza kutoa mche mpya, na watoto hufurahia sana kulisubiri.

Nne, wenye watoto wadogo muwe macho. Yungiyungi la bondeni ni sumu kubwa mmea mzima, na vitunguu vya dafodili na nargisi ni sumu pia. Visikae mezani anapofika mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Najua nyumba nyingine haziadhimishi siku za kuzaliwa, na ziheshimiwe. Daftari hili si sherehe wala utabiri. Ua halimpi mtoto tabia. Ni historia ya familia tu.

Mama wa Lusail, binti yako akishazungumza na bibi yake, tuandikie alichoambiwa. Na ninyi wengine pia: tupeni mwezi, mahali, na kilichokuwa kimechanua. Zikifika za kutosha tutazipanga hapa kwenye safu, tuone Mombasa, Bukavu, Kampala na Unguja zilikuwa zikinukia nini mwezi mmoja. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.